Bei si kura: namna soko la ubashiri lilivyomsoma Jay Jones wa Virginia

Mapema Oktoba 2025, binamu yangu anayeishi Woodbridge, Virginia, alitupia picha ya skrini kwenye grupu la ukoo. Ilikuwa na majina mawili ya waliokuwa wakigombea Uanasheria Mkuu wa jimbo hilo la Marekani, Jason Miyares na Jay Jones, kila moja na asilimia yake, na mstari wa Jones umeporomoka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Chini ya picha aliandika: "Jones kwisha habari." Hazikupita dakika mbili, mjomba akauliza kutoka Likoni: "Kwani wameshaanza kuhesabu kura?"

Vijana wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wale waliokuwa wakicheka nao walikuwa wakizisoma zile asilimia kama matokeo. Tofauti ni kwamba mjomba aliuliza.

Hakuna kura hata moja iliyokuwa imehesabiwa. Kile kilichokuwa kwenye picha ni bei, na bei hiyo inatoka kwenye kitu kinachoitwa soko la ubashiri. Siku hizi namba hizi zimejaa kwenye habari za Marekani, zinawekwa kando ya kura za maoni na kando ya hesabu halisi, na msomaji anaachwa aamue mwenyewe kipi ni kipi. Basi tuanzie chini kabisa.

Kwanza, huyo Mwanasheria Mkuu anachaguliwaje?

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa hata kabla ya kufika sokoni. Kenya, Mwanasheria Mkuu anapendekezwa na rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, kama alivyoingia Dorcas Oduor mwaka 2024. Tanzania, rais anamteua. Hata serikali ya shirikisho ya Marekani inafanya hivyo hivyo: rais anateua, Seneti inaidhinisha.

Majimbo ni habari nyingine. Kila jimbo kati ya yale 50 lina Mwanasheria Mkuu wake, na katika majimbo 43 anapigiwa kura na wananchi, kama gavana. Yaliyobaki yana njia zake: matano gavana anateua, Maine ni bunge la jimbo, na Tennessee, ajabu kidogo, ni Mahakama ya Juu ya jimbo. Ukitaka mfano wa karibu, chukua mwanasheria wa kaunti zetu, yule anayeteuliwa na gavana, kisha fikiria angekuwa anazunguka na gari la matangazo akiomba kura, ana chama, ana manifesto, na gavana hawezi kumfukuza.

Cheo chenyewe si cha mapambo. Mtu huyu ndiye wakili wa jimbo, anashtaki makampuni yanayowaibia wateja, na anaweza kuipeleka serikali ya Washington mahakamani. Mwaka 1998 wanasheria wakuu wa majimbo 46 waliyabana makampuni makubwa ya sigara hadi yakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25. Na ni ngazi ya kupandia. Bill Clinton alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Arkansas kabla ya kuwa gavana na kisha rais. Kamala Harris alikuwa Mwanasheria Mkuu wa California kabla ya Seneti. Kwa hiyo watu wenye pesa wanauangalia uchaguzi huu, na wengine wanaweka pesa zao juu yake.

Mkataba wa dola moja

Soko la ubashiri linauza kitu kimoja tu: mkataba mdogo unaosema, "Fulani akishinda, mwenye mkataba huu analipwa dola moja. Akishindwa, halipwi kitu." Basi. Hakuna sare wala nusu malipo.

Sasa, mkataba kama huo ungeununua kwa shilingi ngapi? Kama una hakika fulani atashinda, ungekubali kutoa hata senti 95 upate dola. Kama unaona nafasi yake ni ndogo, hutatoa zaidi ya senti 10. Watu wengi wakishapatana bei, wengine wakivuta juu, wengine wakivuta chini, bei inatulia mahali. Ikitulia senti 35, waandishi wanaandika: "Soko linampa asilimia 35." Ile asilimia ni hiyo tu, senti zilizogeuzwa jina.

Tuseme Jones anauzwa senti 35. (Namba za mifano humu nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi.) Wewe unanunua mikataba 100, unatoa dola 35. Akishinda, unapata dola 100, faida ni 65. Akishindwa, dola 35 zimekwenda na maji. Na upande wa pili yuko mtu aliyetoa senti 65 kwa kila mkataba akiamini Miyares atashinda. Senti zako 35 na zake 65 ndizo dola moja inayowekwa kando hadi mshindi ajulikane. Kampuni inayoendesha soko inachukua ada yake, ila yenyewe haichukui upande.

Hapo ndipo penye tofauti na kubeti mpira tulikokuzoea. Kwenye kampuni za kubeti, kampuni ndiyo inayopanga odi, na wewe unacheza dhidi yake. Ukishaweka mkeka, kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, mara nyingi unakaa nao mpaka dakika ya tisini, uchanike au usichanike. Kwenye soko la ubashiri unacheza dhidi ya mtu mwingine kama wewe, na unaweza kuuza njiani. Umenunua kwa 35, wiki ijayo bei imefika 50, unauza na kuondoka na faida yako wiki tatu kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo kuna watu wananunua mkataba wa mgombea bila kuamini hata kidogo kwamba atashinda. Wanachoamini ni kwamba bei yake imeshuka kupita kiasi na itapanda. Ni yule mchuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa, anayenunua vitunguu wakati vimejaa sokoni. Yeye havili. Anangoja mvua iharibu barabara.

Wazo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha soko dogo la kitaaluma mwaka 1988, Bush mkubwa akigombea urais dhidi ya Dukakis, na kiwango cha mtu kuweka kikawekewa mpaka wa dola 500. Kilichobadilika ni ukubwa. Mwaka 2024, soko moja tu la kampuni ya Polymarket kuhusu nani atakuwa rais wa Marekani lilizungusha zaidi ya dola bilioni 3. Kampuni nyingine kubwa, Kalshi, ilipata njia ya kuuza mikataba ya uchaguzi Marekani baada ya kuishinda mahakamani tume ya shirikisho inayosimamia biashara hiyo, CFTC, mnamo Septemba 2024.

Asilimia 35 ya nini?

Turudi kwa mjomba. Alipoambiwa "si kura", akauliza la pili: "Basi ni asilimia ya watu walioulizwa?" Hapana tena.

Kura ya maoni inamwendea mpiga kura na kumuuliza, "Wewe utampigia nani?" Wanachaguliwa watu mia kadhaa au elfu moja na kitu ili wafanane na wapiga kura wa jimbo zima kwa umri, jinsia, elimu na mahali. Soko halimuulizi mtu atapiga kura gani. Linamuuliza, "Unadhani wengine watafanya nini, na uko tayari kupoteza kiasi gani ukikosea?" Na anayejibu huenda hajawahi kukanyaga Virginia. Anaweza kuwa kijana wa Chicago aliye kitandani na simu, ambaye Richmond, mji mkuu wa jimbo hilo, anaijua kwenye ramani tu.

Kwa hiyo mgombea anaweza kuwa na asilimia 90 sokoni na bado akashinda kwa asilimia 51 ya kura. Namba hizo mbili hazigombani. Ile ya kwanza inapima uhakika wa watu, ya pili inapima kura.

Asilimia ya uhakika ni kitu kigumu kukizoea, hata kwa waliosoma. Nikiambiwa kuna uwezekano wa asilimia 30 wa mvua leo, nikaacha mwavuli, nikanyeshewa nikiwa kivukoni, siwezi kusema watabiri wamedanganya. Walisema siku kumi za namna hii, tatu zitanyesha. Mimi nimeangukia mojawapo ya hizo tatu. Ukitaka kujua kama mtabiri ni mzuri, kusanya siku zake zote alizosema 30, uone kama ilinyesha katika takriban tatu kati ya kila kumi. Siku moja haimhukumu, si kwa sifa wala kwa lawama.

Wenye masoko haya nao wanalisahau hili pale linapowafaa. Mwaka 2024 masoko yalimpa Trump nafasi kubwa kuliko kura nyingi za maoni, zilizosema mambo ni nusu kwa nusu. Aliposhinda, tukaambiwa soko linajua yote. Mwaka 2016 masoko yalimpa Hillary Clinton nafasi kubwa, na mwaka 2022 yaliwaona Republican wakichukua Seneti. Hayo hayatajwi sana.

Kilichotokea Virginia

Virginia ina desturi yake: inachagua viongozi wa jimbo katika miaka ya witiri, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa rais. Tarehe 4 Novemba 2025 kulikuwa na nafasi tatu za jimbo zima. Ugavana walikuwa Abigail Spanberger wa Democratic na Winsome Earle-Sears wa Republican. Unaibu gavana walikuwa Ghazala Hashmi wa Democratic na John Reid wa Republican. Na Uanasheria Mkuu alikuwa Miyares, Republican aliyechaguliwa mwaka 2021 na aliyekuwa bado madarakani, mtoto wa mama aliyekimbia Cuba, akipambana na Jones, mwanasheria wa Norfolk aliyewahi kuwa mbunge wa jimbo.

Mwezi Septemba soko lilimwona Jones akipita. Upepo ulikuwa wa Democratic, Spanberger alikuwa mbele, na mgombea wa chini huvutwa na wa juu.

Kisha tarehe 3 Oktoba zikachapishwa jumbe za simu alizoziandika Jones mwaka 2022 kwa mbunge wa jimbo wa Republican aliyewahi kuwa mwenzake bungeni. Ndani yake alizungumzia kumpiga risasi Todd Gilbert, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo. Akamweka kwenye sentensi moja na Hitler na Pol Pot, akasema angekuwa na risasi mbili, zote mbili zingekuwa za Gilbert. Mtu anayeomba kazi ya kusimamia sheria! Jones aliomba radhi, akasema anaona aibu, lakini akakataa kujitoa. Republican, kuanzia Trump kushuka chini, wakamtaka aondoke.

Sokoni, hapo ndipo mstari ulipokata kamba. Waliokuwa na mikataba ya Jones wakakimbilia kuuza, bei ikashuka chini ya nusu, na Miyares akawa ndiye anayepewa nafasi. Hiyo ndiyo picha aliyoitupia binamu.

Sitaki kuwalaumu sana waliouza. Ningekuwa nao huenda ningeuza pia. Habari ilikuwa mbaya kweli, na baadhi ya kura za maoni zilizofuata zilionyesha Miyares amemfikia au amempita. Lakini yapo mambo matatu yaliyokuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuyaona siku ile ile.

La kwanza ni kalenda. Virginia inaruhusu kura ya mapema siku 45 kabla ya uchaguzi, na ilikuwa imeanza tarehe 19 Septemba. Jumbe zilipotoka, watu walikuwa wameshapiga kura kwa wiki mbili, na kura ikishaingia sandukuni haisomi gazeti.

La pili ni upepo. Tarehe 1 Oktoba serikali ya shirikisho ilifungwa kwa kukosa bajeti, na kaskazini mwa Virginia, ng'ambo tu ya mto kutoka Washington, imejaa wafanyakazi wa serikali hiyo. Mtu aliyekaa nyumbani bila mshahara alikuwa na hasira zake, na hazikuwa kwa Jones.

La tatu ndilo ambalo watu wa soko hulipima vibaya: siku hizi Wamarekani wachache sana huchanganya vyama kwenye karatasi moja ya kura. Sisi tunaita suti, piga kutoka juu hadi chini. Ili Jones aanguke, ilibidi maelfu kwa maelfu wamchague Spanberger juu kisha waruke kwa Miyares chini.

Wapo walioruka, tena si wachache. Spanberger alipata zaidi ya asilimia 57. Hashmi alipata chini kidogo ya hapo. Jones alipata takriban 53. Ukipunguza, utaona jumbe zile zilimgharimu pointi kama nne hivi akilinganishwa na gavana wake. Lakini Spanberger alishinda kwa tofauti ya pointi kama 15, na mwenye nyumba kubwa kiasi hicho anaweza kupoteza chumba kimoja na bado akalala ndani. Jones akashinda kwa zaidi ya pointi sita, akawa mtu Mweusi wa kwanza kuchaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Virginia.

Soko, kwa maoni yangu, liliona jeraha vizuri na likakosea kina chake. Liliuliza "Jones ameumia?" na kujibu ndiyo, kisha likalichukua jibu hilo kama ndilo la swali la pili, "Jones atakufa?"

Kibanda cha nyanya

Kuna jambo jingine ambalo picha ya skrini haionyeshi, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote unapoangalia uchaguzi mdogo wa jimbo. Ni kina cha maji.

Nenda Kongowea alfajiri, malori yanashusha. Ukitaka kreti 50 za nyanya unazichukua na hakuna anayegeuka kukutazama, bei inabaki ile ile. Sasa njoo kwenye kibanda cha mtaani saa kumi na mbili jioni. Yapo mafungu manane mezani. Ukiyachukua yote, mama anatazama meza tupu, na mteja anayekuja nyuma yako atanunua kwa bei nyingine kwenye kibanda cha pili, kama atazipata. Nyanya hazijapungua Kenya. Umezimaliza wewe hapo mezani.

Soko la rais wa Marekani ni Kongowea. Soko la Mwanasheria Mkuu wa jimbo moja ni kibanda.

Ona kwa namba. Kwenye ubao wa soko dogo kama hili, tuseme wanunuzi wanatoa hadi senti 33 kwa Jones. Wauzaji wamepanga hivi: mikataba 400 kwa senti 37, mingine 600 kwa senti 39, mingine 500 kwa senti 44. Baada ya hapo hakuna mtu mpaka senti 48. Swali la kwanza: bei ya Jones ni ngapi hapo? Ukitaka kuuza ni 33, ukitaka kununua ni 37. Tovuti itachukua katikati, iandike 35, na hiyo 35 itaingia kwenye habari kana kwamba imepimwa kwa rula.

Sasa anaingia mtu mmoja na dola 602. Anachukua mikataba 400 ya kwanza kwa dola 148. Anachukua 600 inayofuata kwa dola 234. Anamalizia 500 kwa dola 220. Meza tupu. Anayefuata akitaka mkataba wa Jones ataambiwa 48, na biashara ya mwisho iliyoandikwa ni senti 44. Kwenye skrini inayoonyesha biashara ya mwisho Jones ametoka 35 hadi 44, na huenda mwandishi mmoja ameshaanza kuandika "Jones arejea kwa kishindo". Virginia nzima hakuna mpiga kura aliyebadili mawazo. Kilichotokea ni mtu mmoja na pesa isiyofika bei ya simu nzuri.

Hapa ndipo inapozaliwa ile imani niliyoisikia mara nyingi, kwamba matajiri wananunua bei ili kuwavunja moyo wapiga kura wa upande wa pili. Si jambo la kulitupa moja kwa moja, lakini lina gharama ambayo watu wanaisahau. Ukisukuma bei hadi mahali pasipo na ukweli, unawaachia wengine pesa mezani. Aliyeona Jones amepandishwa bure hadi 44 atamuuzia kwa furaha mpaka bei irudi. Kwenye soko lenye kina, wauzaji hao wako wengi na wako macho. Kwenye kibanda, huenda wamelala, na bei ya uongo inaweza kukaa hapo siku mbili tatu.

Na kuna wakati mwenye pesa nyingi haongopi, anaamini tu. Mwaka 2024 Mfaransa mmoja aliweka makumi ya mamilioni ya dola kwenye Polymarket kwamba Trump atashinda, akitumia akaunti kadhaa. Watu wakapiga kelele kwamba anachezea bei. Baadaye ikajulikana alikuwa amelipia kura zake za maoni, zinazomuuliza mtu si "utampigia nani" bali "unadhani jirani zako watampigia nani". Akaondoka na faida ya mamilioni mengi. Kwa nje, aliyejua na anayechezea bei wanafanana kabisa: wote wananunua kwa wingi.

Kwa hiyo ni kamari au si kamari?

Hili ni swali la mahakama, na mahakama za Marekani bado zinalivutana. Kampuni zinasema hii ni mikataba ya kifedha, ndugu wa ile ya mkulima anayeuza mahindi kabla hayajavunwa, kwa hiyo msimamizi ni tume ya shirikisho na jimbo halina usemi. Majimbo mengi yanasema, hasa kwa mikataba ya mpira, hii ni kubeti iliyovaa koti na tai, ije iombe leseni na kulipa kodi kama wengine. Mimi nikimwona kijana anaweka mshahara wake kwenye matokeo ya mechi, jina la karatasi halinibabaishi sana.

Lakini tazama ni nani anayesimama mahakamani kwa niaba ya majimbo. Septemba 2025 ni Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts, Andrea Campbell, aliyeishtaki Kalshi kuhusu mikataba ya michezo. Katika kesi kati ya Kalshi na New Jersey, wanasheria wakuu wa majimbo zaidi ya 30 walijipanga nyuma ya jimbo hilo. Kwa maneno mengine, watu wananunua na kuuza mikataba kuhusu nani atakaa kwenye kiti ambacho mwenye nacho ana uwezo wa kulifunga hilo duka. Sijui biashara nyingine yenye kichekesho kama hicho.

Ukitumiwa picha ya skrini

Niliwaandikia kwenye grupu mambo ya kuangalia, wakaniambia nimeandika gazeti. Nayafupisha. Angalia tarehe na saa, maana picha ya jana inaweza kuwa imeoza. Angalia ni pesa kiasi gani zimezunguka kwenye soko hilo hilo, si kwenye kampuni nzima. Ukiweza, fungua ubao uone pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Likiwa senti moja, bei ina uzito, likiwa senti sita au saba, uko kibandani. Na bei za pembeni kabisa, senti mbili tatu, usizichukue kama kipimo. Watu hununua huko kama tiketi ya bahati nasibu, na anayejua ni upuuzi haoni faida ya kufunga pesa zake mwezi mzima kwa senti mbili.

Binamu alijitetea kwamba yeye hakusema kura, alisema kwisha habari. Sawa. Vituo vya Virginia vilifungwa saa moja jioni kwao, saa tisa usiku kwetu, kwa hiyo wengi tulilala. Asubuhi ya tarehe 5 Novemba, chai ikiwa mezani, akatuma picha nyingine: Jones, 99.

Wa kwanza kujibu alikuwa mjomba. "Hiyo ni bei. Kura ngapi?"

"53."

"Ahaa," akaandika, na baada ya kitambo: "Na wewe ulikuwa umenunua ya nani?"

Ilionyesha binamu anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena anaandika. Mpaka leo hajatuma.